Njaa ya Usiku Hupikwa Mchana

Kuna amri moja inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, saluni, jimu, na hata midomoni mwa baadhi ya wahudumu wa afya: ukitaka kupungua, usitie kitu kinywani baada ya saa 12 jioni. Ndani ya amri hiyo mna madai mawili. La kwanza, kwamba chakula kinageuka mafuta kwa sababu tu kimeliwa usiku. La pili, linaloumiza zaidi, kwamba anayeshindwa kujizuia saa 4 usiku ni mlafi, hana nia, kitambi amejitakia mwenyewe. Madai yote mawili si ya kweli, na hilo la pili ni la kikatili pia.

La kwanza halihitaji maabara. Kila mwaka, mwezi mzima wa Ramadhani, wafungaji wa mwambao wote, kuanzia Lamu hadi Mtwara, hula chakula chao chote kati ya magharibi na alfajiri. Futari ni mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati, uji wenye pilipili manga. Daku huliwa usiku wa manane. Kama giza lingekuwa na nguvu ya kugeuza chakula kuwa mafuta, kila mfungaji angeingia Idi akiwa amenenepa. Watafiti waliokusanya takwimu za wafungaji wa nchi nyingi wamekuta kinyume chake: kwa wastani watu hupungua kidogo, kama kilo moja hivi, na uzito huo hurudi wiki chache baada ya Idi. Wapo wanaonenepa, hilo halina ubishi. Hao ni wale ambao futari yao inazidi chakula walichokuwa wakila siku nzima kabla ya mfungo. Kinachowanenepesha ni kiasi walichokula, si saa waliyokula.

Na maabara nayo imesema. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aberdeen, Scotland, waliwalisha watu 30 wenye uzito uliozidi kwa mipango miwili, kila mmoja wiki 4. Katika mpango mmoja sehemu kubwa ya chakula cha siku ililiwa asubuhi, katika mwingine ikaliwa jioni, na jumla ya chakula ilikuwa ileile. Watu walipungua zaidi kidogo ya kilo 3 katika mipango yote miwili, bila tofauti. Ila walipokula zaidi asubuhi, walisema njaa yao kwa siku nzima ilikuwa ndogo. Tuushike vizuri ukweli huo wa mwisho, maana hoja yangu yote imesimama juu yake.

Sisemi saa ya kula haina maana hata kidogo. Mwaka huohuo watafiti wa Boston, Marekani, waliwacheleweshea watu 16 milo yao kwa kama saa 4, chakula kikiwa kilekile. Njaa yao ilipanda na mwili ukaunguza nishati pungufu kidogo. Anayelala mara tu baada ya kushiba naye anajua kiungulia kinavyomwamsha. Lakini kutoka hapo hadi kufunga mdomo saa 12 jioni ni mbali sana.

Sasa twende kwenye dai la pili, hili la kukosa nia. Mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili, mwanasayansi Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota aliwachukua vijana 36 wenye afya njema ili achunguze njaa inamfanya nini binadamu. Walikuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu ya imani zao, wakavumilia kudharauliwa na jamii yao, kisha wakajitolea kushinda na njaa ili madaktari wajue namna ya kuwahudumia wahanga wa vita. Watu wenye nia kuliko hao utawapata wapi? Kwa wiki 24 za mwaka 1945 walipewa milo miwili kwa siku: viazi, mkate, makaroni na mboga za mizizi. Walianza kuota chakula. Walikaa wakisoma vitabu vya mapishi, wakalamba sahani. Wengine walikula kwa siri, mpaka ikawekwa sheria kwamba mtu asitoke nje peke yake. Masharti yalipolegezwa walikula kupita kiasi, na bado hawakuhisi kushiba.

Hao walikuwa wakipata karibu kalori 1,600 kwa siku. Leo kuna karatasi za kupungua zinazopitishwa mitaani ambazo ukijumlisha vilivyoandikwa humo hupati hata 1,000. Mtu anazifuata siku tatu, usiku wa nne anavamia chungu, na anaamka akijichukia. Mwili uliobanwa unadai haki yake, na huidai zaidi usiku kwa sababu ndipo mtu anapoacha kukimbizana na kazi.

Tazama siku ya mtu anayejinyima hapa Dar es Salaam. Anaamka saa 10 alfajiri ili awahi daladala kutoka Mbagala au Gongo la Mboto kabla foleni haijakaza. Anakunywa chai ya rangi tupu na kujipongeza, kwa kuwa ameshaambiwa kwamba kutokula ndiko kupungua. Saa 4 wenzake wanaagiza chapati na supu, yeye anakunywa maji. Saa 7 anafika kwa mama lishe, anauona wali maharage, anakumbuka kwamba wali unanenepesha, anachukua vipande vya tikiti na soda ya kushikiza tumbo. Soda ile ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari na haina protini hata chembe. Jioni anakwama njiani tena. Anashuka kituoni saa 2 usiku, na hapo kituoni karai la mafuta linachemka, mayai yanavunjwa juu ya chipsi, mishkaki inageuzwa juu ya mkaa. Akila sahani nzima ya chipsi mayai, kisha akafika nyumbani akamalizia na ugali wa watoto, tunamwambia hana nia. Nia ipi tena tunayomdai? Ameshinda saa 16 akiwa na chai, tikiti na soda.

Na wapo ambao hawajinyimi kwa kupenda. Saidia fundi, mbeba mizigo wa Kariakoo, kijana wa kuosha magari, wote hawa hulipwa jioni. Pesa ya chakula cha maana inaingia mkononi saa 12, wakati uleule amri inapowaambia wafunge mdomo. Mlinzi anayeingia lindo saa 12 jioni na muuguzi wa zamu ya usiku nao wale lini? Amri hii ilitungwa na mtu anayerudi nyumbani mapema, na inawahukumu wasio na nafasi hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wasemaji wa nia hawalitaji. Mwili una saa yake ya ndani, na saa hiyo inaathiri njaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwaweka watu 12 katika maabara ya mwanga hafifu na kuvuruga ratiba zao za kulala na kula, ili kuona mwili unafanya nini ukiachwa na saa yake tu. Njaa ilikuwa chini kabisa mnamo saa 2 asubuhi na juu kabisa mnamo saa 2 usiku. Kwa hiyo yule anayesema asubuhi hana hamu ya kula anasema kweli, lakini kukosa hamu hakumaanishi kwamba mwili hauhitaji kitu. Na yule anayesikia njaa kali saa 2 usiku hajaharibika. Ni binadamu mzima, ila amefika kwenye kilele hicho akiwa na tumbo tupu.

Ongeza na usingizi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 saa 4 tu kwa usiku 2 mfululizo. Leptini, homoni inayoupa ubongo habari ya shibe, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, inayoamsha njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Vijana wale wakatamani zaidi vitu vitamu, vya chumvi na vya wanga. Mtu anayelala saa 6 usiku akimaliza tamthilia na kuamka saa 10 alfajiri anaishi ndani ya jaribio hilo kila wiki, kisha anajiuliza kwa nini biskuti zinamwita.

Nimesema amri hii ni ya kikatili, na ninamaanisha. Mgonjwa wa kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamaidi akiacha chakula cha jioni, sukari yake inaweza kushuka usiku akiwa usingizini: jasho, kutetemeka, kupoteza fahamu. Mama anayenyonyesha usiku kucha anaambiwa na mashoga zake asile jioni ili arudishe tumbo. Wapo pia wanaoamka kila usiku, mara kwa mara, wasipate usingizi mpaka wale. Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliieleza hali hiyo tangu mwaka 1955, na leo ni tatizo linalotambulika kitabibu. Wanaohitaji daktari tunawapa masimango.

Aibu hiyo ina wanunuzi na wauzaji. Mtu aliyeamini kwamba tatizo ni nia yake dhaifu yuko tayari kununua chochote kitakachomfunga mdomo. Ndipo wanapoingia wauza chai za kukata tumbo. Nyingi ya chai hizo ni sanamaki, dawa ya kuharisha iliyojulikana na bibi zetu. Sanamaki hufanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati nishati ya chakula imeshanyonywa kwenye utumbo mwembamba. Kinachotoka ni maji na choo. Mizani inashuka, mteja anafurahi, anakunywa maji, mizani inapanda, anarudi kununua pakiti nyingine. Ninawaonea uchungu wanawake wanaotoa pesa ya vikoba kwa ajili hiyo.

Basi mtu afanye nini? Ale mapema, na ale chakula kinachokaa. Mayai mawili ya kuchemsha yana takriban gramu 12 za protini. Maharage yaliyobaki jana, yakipashwa na kuliwa na kiazi kitamu, ni kifungua kinywa bora kuliko andazi na chai ya sukari. Uji wa ulezi uliotiwa karanga za kusaga unamfikisha mtu mchana. Asiyeweza kula saa 10 alfajiri afungashe, ale akifika kazini. Mchana asikimbie sahani ya mama lishe: aombe maharage zaidi, dagaa au samaki, mchicha au matembele ya kutosha, wali upunguzwe kidogo. Kuna wanaoogopa wali huo, ilhali kilichowanenepesha ni sahani ya pili ya saa 3 usiku.

Kisha kuna ile safari ya jioni, ambayo naiona ndiyo mlango wenyewe. Vijana wanaotembeza mayai ya kuchemsha na kachumbari wapo karibu kila kituo. Yai moja na ndizi kabla ya kupanda gari, na mtu anashuka kwenye harufu ya chipsi akiwa na akili yake. Akifika nyumbani ale chakula cha jioni bila woga, hata kama ni saa 2 au saa 3. Akijua kwamba hulala saa 5 na njaa humrudia, apange tangu mwanzo atakula nini: mtindi kikombe kimoja, ndizi, muhindi wa kuchoma. Karanga nazo, ila kwa kiganja, maana gramu 100 zina zaidi ya kalori 550, na pakiti huisha bila mtu kujua.

Nakubali kwamba si kila kinachotuamsha kitandani ni njaa. Uchu upo. Kipimo changu ni rahisi: jiulize kama ungekula ugali na maharage sasa hivi. Ukiona ndiyo, una njaa, kula. Ukiona unataka biskuti tu, au kashata tu, huo ni uchu, na mara nyingi ni uchovu au upweke au tamthilia iliyochelewa kwisha. Huo hautibiwi kwa matusi. Mtu azime runinga akalale, na nyumba isiweke kopo la biskuti. Lakini uchu wa mtu aliyeshiba mchana ni mdogo, na unapita. Uchu uliokaa juu ya njaa ya kutwa haumalizwi kwa kipande kimoja.

Kwa hiyo nawaomba wanaotoa ushauri, wakufunzi wa jimu, mashangazi, wahudumu wa kliniki, waanze kumuuliza mtu alikula nini saa 2 asubuhi na saa 7 mchana kabla ya kumlaumu kwa alichokula saa 4 usiku. Na waajiri wanaowafanya watu wapige kazi mchana kutwa bila kukaa chini kula, nao wana sehemu yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi wa Tanzania anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo mapumziko ya angalau dakika 60. Wafanyakazi, yadaini mapumziko hayo. Mkiyapata, kuleni.