Harusi Tunachangia, Haki Tunawaachia Vishoka



Wapendwa, juma hili tunaleta neno ambalo yumkini halitawapendeza wote, wala hatuliombei radhi.

Katika milima yetu hii ya Usambara, tangu Mtae hadi Bumbuli, ni nadra kukuta kijiji kisicho na shauri la ardhi. Mashamba yamekuwa vipande, watoto ni wengi, na mpaka aghalabu ni mti aliopanda babu. Mti ukikatwa usiku, asubuhi mpaka nao haupo. Shamba la kabichi lenye maji karibu ni ada ya shule, ni dawa, ni nauli ya kushuka Mombo. Anayelipoteza amepoteza maisha yake. Na bado, siku ya kulipigania shamba hilo, watu wetu wengi hawaendi kwa wakili. Wanakwenda kwa kishoka.

Mnamfahamu. Ana mkoba uliochakaa wenye nakala za sheria zilizokwisha kurekebishwa. Huketi karibu na mahali pa kutolea fotokopi, hujua majina ya makarani, na hutamka maneno mawili matatu ya Kiingereza ambayo mteja hayaelewi, na ambayo pengine yeye mwenyewe hayaelewi. Bei yake ni ndogo. Huandika hati ya madai kwa saa moja, kisha mwishoni mwa karatasi huandika kwamba hati hiyo imeandaliwa na mdai mwenyewe. Hapo tunaomba msomaji atulie. Mjane ambaye hakuandika hata mstari mmoja anabebeshwa makosa yote ya karatasi hiyo. Ikianguka, imeanguka yeye. Kishoka hayumo popote.

Wakili aliyesajiliwa hawezi kujificha hivyo. Jina lake limo katika orodha ya mawakili ya Mahakama Kuu, leseni yake huhuishwa kila mwaka, na akikosa uadilifu ipo Kamati ya Mawakili inayoweza kumsimamisha au kumfuta. Kishoka atafutwa wapi, ilhali hakuandikwa popote? Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, inaharamisha kazi yake. Sisi tunaihalalisha kwa kumlipa.

Tutoe mfano mmoja, kwa kuwa ndio unaoua mashauri mengi. Mzee amefariki. Ameacha shamba, mjane na watoto sita. Jirani anasogeza mpaka, au shemeji anaingia na jembe. Mwana mkubwa, kwa uchungu wa haki, anafungua shauri kwa jina lake: "shamba la baba yangu." Kishoka ameandika, ada imelipwa, mashahidi wamepanda na kushuka mlima miaka mitatu. Mwana anashinda. Kijiji kinafurahi, mbuzi anachinjwa. Mpinzani anakata rufaa Mahakama Kuu, Masjala ya Tanga, na huko jaji anauliza swali moja tu: kijana, nani alikuteua kuwa msimamizi wa mirathi ya baba yako? Hakuna. Basi hakuwa na mamlaka ya kudai mali ya marehemu, na yote yaliyofanyika tangu siku ya kwanza yanafutwa. Jaji hakusema kwamba shamba si la marehemu. Amesema tu kwamba aliyekuja kulidai hakuwa mtu wa kulidai. Inabidi kuanza upya: kikao cha ukoo, maombi ya usimamizi wa mirathi, kisha shauri jipya, huku muda wa miaka 12 ambao sheria inaruhusu kudai ardhi ukizidi kuyoyoma na mashahidi wazee wakizikwa mmoja baada ya mwingine.

Wakili mzoefu wa kuendesha mashauri ya ardhi angeliuliza swali la jaji yule siku ya kwanza, kabla ya kuandika chochote. Angeuliza na mengine: aliyekuuzia yuko wapi, maana huenda naye anapaswa kuunganishwa katika shauri? Mkataba wa mauziano umelipiwa ushuru wa stempu, au utakataliwa siku ya kuutoa kama kielelezo? Mipaka imeelezwa namna ambayo mgeni anaweza kuitambua? Huo ndio uzoefu tunaousema, wala si mvi wala sauti kubwa. Wapo mawakili hodari wa mikataba ya makampuni ambao hawajawahi kumhoji shahidi wa upande wa pili. Hao ni wasomi, lakini shamba lako si mahali pao pa kujifunzia.

Tunajua majibu yanayotolewa. La kwanza ni kwamba mwenye haki hahitaji wakili, ukweli utajisema. Tunalikataa. Mwaka 1958 Mwalimu Julius Nyerere alishtakiwa kwa kashfa kutokana na maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU juu ya maafisa wa utawala wa wilaya. Ni nani katika Tanganyika aliyekuwa na ulimi mwepesi na hoja nzito kuliko yeye? Hata hivyo hakusimama peke yake. Alitetewa na D. N. Pritt, mwanasheria wa Uingereza aliyekuwa amebobea katika kesi nzito, yule yule aliyeongoza utetezi wa Jomo Kenyatta huko Kapenguria. Miaka michache kabla yake, Wameru walipoondolewa kwa nguvu katika ardhi yao mwaka 1951, hawakwenda Umoja wa Mataifa na machozi matupu. Kirilo Japhet aliyewasemea huko New York mwaka 1952 alisaidiwa na Earle Seaton, mwanasheria mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Ikiwa mashujaa hao waliona haja ya mwanasheria, mkulima wa Malindi au Mlalo anajidanganya kwa nini?

Ila tusifiche upande wa pili wa habari hiyo. Nyerere alitiwa hatiani, akalipa faini ya shilingi 3,000. Kenyatta alifungwa. Wameru nao hawakurudishiwa ardhi yao kwa hotuba ile. Wakili mzoefu hauzi ushindi. Kwa hiyo anayekuahidi ushindi kabla hajasoma karatasi zako mkimbie, awe na leseni au asiwe nayo. Na anayekuomba fedha "za hakimu" huyo si wakili tena. Ni dalali wa rushwa, na mahali pake ni TAKUKURU.

Jibu la pili ni la watu wa dini, na huenda hata sisi mapadre tumelieneza: Mkristo haendi mahakamani, amwachie Mungu. Ni kweli Mtume Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa kushtakiana mbele ya wasioamini. Lakini Paulo huyo huyo, viongozi walipomkodia msemi mmoja aitwaye Tertulo amshtaki kwa liwali, hakunyamaza. Alijibu hoja kwa hoja, na baadaye akadai haki yake ya kisheria kwa kukata rufaa kwa Kaisari. Mapatano yanatangulia, naam. Hata sheria ya nchi imesema hivyo: tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi hukumu bali linasuluhisha, na usuluhishi ukishindikana ndipo shauri linapokwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini kumwambia mjane asamehe ilhali aliyemnyang'anya shamba anaendelea kulivuna, huko si kuhubiri msamaha. Ni kumsaidia mnyang'anyi.

Jibu la tatu ndilo zito: gharama. Wakili ni ghali, na wengine hutoza kama kwamba kila mteja ana lori la viazi linaloelekea Dar es Salaam. Wengine hupokea malipo ya awali, kisha hutuma kijana mgeni kila tarehe, shauri likiahirishwa hadi mteja achoke. Hatuwatetei hao. Tunasema makubaliano ya malipo yaandikwe, risiti itolewe, na ijulikane mapema nani hasa atasimama mbele ya baraza. Kanisa lenyewe, katika mahakama zake, linadai wakili awe na sifa njema na mjuzi wa kweli. Kanuni ya 1483 inasema hivyo, na Kanuni ya 1488 inamkataza kudai faida iliyopindukia au kupatana kwamba atachukua sehemu ya mali inayogombaniwa. Vishoka wetu hufanya hasa hilo: "tukishinda, robo ya shamba yangu." Nao huwadanganya Wakristo na jirani zetu Waislamu kwa usawa kamili, katika hilo hawana ubaguzi.

Lakini je, ni kweli fedha hakuna? Hapa ndipo tunapokusudia kugombana na jumuiya zetu. Kijana akitangaza harusi, kamati inaundwa miezi minne kabla. Kuna mwenyekiti, mhazini, kadi za michango na ujumbe wa simu usiokwisha. Asiyechanga hutazamwa kwa jicho la pembeni. Muziki, mapambo, picha za video, vyote hupatikana, na kesho yake yamebaki makreti ya chupa tupu. Mama wa jumuiya ile ile akipata wito wa baraza la ardhi, tunampa pole na kumwahidi sala. Hakuna kamati. Hakuna kadi. Anakopa kwa riba, anauza mbuzi wa mwisho, anamlipa kishoka, anashindwa, kisha tunakutana tena jumuiyani kusali rozari nyumbani kwa dada yake, kwa sababu kwake hakupo tena.

Na jambo hili linatuuma zaidi kwa kuwa tunaishi Lushoto, palipo na Chuo cha Uongozi wa Mahakama kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1998. Watu wanatoka nchi nzima kuja kujifunza sheria katika milima yetu. Sisi wenyeji tunapita langoni mwa chuo tukielekea kwa mwenye mkoba uliochakaa.

Kwa asiye na kitu kabisa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, na wengi wao wanafanya kazi njema ya kuelimisha na kuelekeza. Waendeeni. Lakini msaidizi wa kisheria haruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani. Akikuambia anaweza, ameanza kuwa kishoka.

Tunapendekeza basi, na tutalipeleka katika Halmashauri ya Walei, kwamba kila jumuiya iwe na mfuko wa mashauri: sehemu ndogo ya kila mchango wa harusi itengwe humo. Mjane au yatima mwenye shauri la ardhi alete karatasi zake, watu watatu wazisome pamoja naye, jina la wakili likaguliwe katika orodha ya mawakili iliyopo kwenye mtandao wa Mahakama, na malipo yafanywe kwa risiti. Mwenye hukumu mkononi asingoje kikao kijacho. Rufaa kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu ni ndani ya siku 45, na kwa baadhi yenu siku hizo zimekwisha kuanza kuhesabiwa.