Nyumba ni ya Kukaa Watu

Popote wafanyakazi wanapokutana siku hizi, kiwandani, bandarini au kituoni wakingojea basi, halikosi kuzuka swali hili: je, bei ya nyumba na viwanja mjini Dar es Salaam itazidi kupanda, au iko siku itashuka? Swali hilo si la upuuzi. Mwenye kuuliza mara nyingi ni mtu aliyedaiwa kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo kabla hajaingiza kitanda chake ndani. Ataka kujua kama angoje, au akope leo anunue kiwanja cha mbali kabla nacho hakijamshinda. Yatupasa kumpa jibu la kweli.

Wako wasemao kwamba bei ya nyumba haishuki kamwe. Hayo ni maneno ya madalali. Huko Marekani nako watu waliaminishwa hivyo, na mabenki yakawakopesha hata wasiokuwa na uwezo wa kulipa. Bei zilipoanza kuporomoka baada ya mwaka 2006, mamilioni ya watu walinyang'anywa nyumba zao, na mwaka 2008 mabenki makubwa yakaanguka.

Lakini mfanyakazi wa hapa asidanganyike na mfano huo akakaa kungojea bei ianguke Mbagala au Kimara. Kwetu walio wengi hawajengi kwa mkopo wa benki. Mtu hununua kiwanja, akafyatua matofali kidogo kidogo, akaweka msingi mwaka huu, akainua kuta mwaka kesho, na bati siku Mungu atakapomjalia. Hakuna benki ya kumlazimisha auze. Biashara ikilala, yeye huliacha pagale lake liote majani, akangoja. Ndiyo sababu bei kwetu hukawia kushuka. Tena watu wanazidi. Katika hesabu ya mwaka 1967 mji huu ulikuwa na watu wasiofika laki tatu. Katika sensa ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa kuwa na watu 5,383,728.

Hata hivyo wingi wa watu si sababu pekee. Tofali la Kimara na tofali la Kariakoo ni tofali lile lile. Kinachotofautiana ni mahali. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi katika Barabara ya Morogoro mwaka 2016, kiwanja kilichokuwa karibu kilipata thamani mpya, ingawa mwenyewe hakuongeza hata jiwe moja. Thamani hiyo ililetwa na fedha za wananchi wote. Lakini faida yake huingia katika mfuko wa mtu mmoja.

Yafaa tukumbuke kwamba taifa hili lilikwisha kulikataa jambo hilo. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele ulifutwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema waziwazi kwamba ardhi yote ni mali ya umma, naye Rais ndiye mdhamini wake. Basi mtu anayeshika viwanja vitano, akavizungushia ukuta, asijenge, akingojea tu barabara ifike ili auze, huyo ni mlanguzi sawa na anayeficha sukari ghalani. Hatumsemi mjane wa Tandale anayepangisha vyumba viwili ili asomeshe watoto wake. Twamsema yule anayefunga ardhi asiyoitumia, wakati wenzake hawana pa kulala.

Wala tusione haya kusema kwamba baadhi ya walanguzi hao wana kadi ya Chama mfukoni. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba za kupangisha. Sharti hilo lililegezwa Zanzibar mwaka 1991, na leo hatudai lirudishwe neno kwa neno. Lakini sababu yake haikufa: mtu anayeishi kwa kodi ya wapangaji ni vigumu kuwa na bidii ya kuipunguza.

Je, mikopo itatuokoa? Benki ya Nyumba ilifungwa mwaka 1995. Mkopo wa shilingi milioni 40 kwa riba ya asilimia 15 huzaa riba ya karibu shilingi milioni 6 katika mwaka wa kwanza, yaani shilingi 500,000 kila mwezi, kabla deni lenyewe halijapungua. Ni mshahara wa wafanyakazi wangapi utakaoweza kubeba mzigo huo?

Kwa hiyo twasema hivi. Kwanza, halmashauri zipime viwanja mapema, kabla watu hawajajijengea ovyo. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 ulionyesha kwamba kazi hiyo yawezekana. Pili, sharti la kujenga katika muda uliowekwa lifuatwe, na kiwanja kinachokaa bure mwaka baada ya mwaka kirudishwe kwa anayekihitaji, awe mwenyewe ni mkubwa au mdogo. Tatu, iwekwe sheria ya kumzuia mwenye nyumba kudai kodi ya mwaka mzima mbele, maana mfanyakazi mwenyewe hulipwa mwezi kwa mwezi. Nne, vyama vya wafanyakazi viunde ushirika wa nyumba. Mtu mmoja hana nguvu mbele ya dalali, lakini watu mia wenye akiba zao waweza kununua shamba zima, wakalipima na kugawana kwa haki.

Na wewe ndugu mfanyakazi, usikimbilie kutoa fedha zako kwa hofu ya kuachwa nyuma. Kabla hujanunua, nenda kwanza ofisi ya ardhi ukahakikishe kiwanja ni cha nani. Hasara ya kuuziwa kiwanja cha mtu mwingine ni kubwa kuliko hasara ya kuchelewa.

Basi jibu letu ni hili. Bei itazidi kupanda maadamu ardhi ya umma yaachwa mikononi mwa wanaoingojea faida bila ya kuitumia. Bei si mvua, kwamba hutoka mbinguni. Hupandishwa na watu, nao watu waweza kuizuia. Chama kilichoundwa kwa ajili ya wakulima na wafanyakazi hakiwezi kukaa kimya katika jambo hili.