Harufu ukeni haitibiwi kwa marashi

Wanawake wengi mjini wakiona harufu imebadilika ukeni hukimbilia sabuni ya manukato na marashi. Kwa maoni yangu, aibu ndiyo inayowaponza.

Kila uke una harufu yake, nayo hubadilika kidogo wakati wa hedhi au baada ya jasho. Ndani mna bakteria wazuri wanaotengeneza asidi ya kuulinda. Ukijiosha ndani kwa sabuni, unawafukuza walinzi hao. Osha nje tu, kwa maji.

Lakini harufu kama ya samaki, hasa baada ya kujamiiana, pamoja na majimaji ya kijivu, huashiria kwamba bakteria wabaya wamezidi. Hali hiyo hurahisisha kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na mja mzito aweza kujifungua kabla ya wakati. Majimaji ya manjano au kijani yenye povu huenda yakawa ya ugonjwa wa zinaa. Hapo mwenzako pia hana budi kutibiwa. Ukiwa na homa au maumivu chini ya kitovu, usingoje.

Usinunue vidonge kwa kukisia, maana dawa ya ugonjwa huu huenda isiponye ule. Nenda zahanati ukapimwe. Mficha maradhi, kilio humfichua.