Shule Kwanza, Uji Baadaye?



Upo usemi ambao kwa muda mrefu umepokewa kwa makofi katika mikutano ya vijiji, na hata katika vikao vyetu vya walei, bila kupimwa: kwamba elimu ndiyo kila kitu, na kwamba taifa likisomesha watoto wake, basi chakula, maji, mavazi na nyumba vitafuata vyenyewe. Wanaousema ni watu wema. Wengi wao ni walimu wastaafu, au wazazi waliouza ng'ombe wa mwisho ili mtoto asome. Hata hivyo sisi wa Tume ya Haki na Amani tunasema wazi kwamba usemi huo, unapogeuzwa kuwa sera ya dola, unawadhulumu maskini.

Tunazungumza juu ya dola ya namna gani? Kuna serikali inayojiona imemaliza kazi yake ikiwa na jeshi, mahakama na watoza kodi. Mengine kila mtu na lwake. Na kuna dola ya ustawi, yaani ile inayokiri kwamba raia asife njaa, asiachwe mgonjwa, wala asibaki mjinga kwa sababu tu amezaliwa katika nyumba ya kifukara. Nchi yetu ilichagua njia hii ya pili kwa Azimio la Arusha la Februari 1967, na haijapata kuikana hadharani. Katiba yetu, katika Ibara ya 9, inataka utajiri wa taifa uelekezwe hasa katika kuondosha umaskini, ujinga na maradhi. Hatutaki kujenga hoja juu ya mpangilio wa maneno, lakini wale wanaotuhubiria kwamba ujinga ndiye adui pekee wangefaa kuisoma sentensi hiyo hadi mwisho. Ibara ya 11 nayo imeweka mahali pamoja haki ya kufanya kazi, haki ya kujipatia elimu, na haki ya kusaidiwa wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Ni kweli, na inasikitisha, kwamba Ibara ya 7 inazuia mahakama kuilazimisha Serikali kuyatimiza hayo. Ndiyo sababu sauti ya raia, na ya Kanisa, haina budi kusikika.

Tazameni jinsi wengine walivyojifunza kwa gharama kubwa. Uingereza iliwalazimisha watoto wote kwenda shule mwaka 1880. Walimu wakakuta mbele yao watoto waliosinzia kwa njaa, wasioweza kushika somo. Ilipita miaka 26 kabla Bunge lao halijapitisha, mwaka 1906, sheria ya kuziruhusu mamlaka za mitaa kuwalisha watoto hao. Na mwaka 1942, William Beveridge alipoandika taarifa iliyokuja kuwa msingi wa dola yao ya ustawi, alitaja maadui watano: ufukara, maradhi, ujinga, makazi machafu na kukosa kazi. Hakusema wanne wasubiri hadi ujinga ushindwe.

Labda mtasema: hao ni matajiri. Basi tutazame Finland. Sheria yake ya kumpa kila mwanafunzi mlo wa bure ilipitishwa mwaka 1943, nchi ikiwa vitani, na ilipoanza kutekelezwa kikamilifu mwaka 1948 Wafini walikuwa wangali wanalipa fidia ya vita kwa Muungano wa Sovieti. Hawakungoja utajirike mfuko wa taifa. Nchini India, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamuru tarehe 28 Novemba 2001 kwamba kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe chakula kilichopikwa, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka. India haikuwa nchi ya matajiri mwaka ule, wala sivyo ilivyo leo kwa walio wengi.

Turudi nyumbani, maana hapa ndipo penye uchungu. Novemba 1974 chama tawala kilikutana Musoma, kikaazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Lilikuwa azimio la kishujaa, na hatutaki mtu yeyote adhani tunalidharau. Lakini tukumbuke kwamba mwaka huohuo ukame ulikuwa umeikumba nchi, na Serikali ilikuwa ikinunua nafaka nyingi kutoka ng'ambo. Vijiji vilijenga madarasa kwa mikono yao, na vijana waliotoka tu darasa la saba wakafundishwa ualimu wakiwa kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 idadi ya walioandikishwa ilikaribia idadi ya watoto wote wa umri huo. Kisha uchumi ukaanguka. Michango ya shule za msingi ikarudishwa mwaka 1984, likaja neno la kistaarabu la "uchangiaji wa gharama", na mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu ya walioandikishwa ilikuwa imeshuka chini ya asilimia 80. Ufukara wa nyumbani uliwatoa shuleni watoto ambao azimio lilikuwa limewaingiza.

Kuna jambo jingine la miaka ile ambalo husahauliwa. Elimu ya watu wazima iliyowaamsha wananchi wetu kuliko nyingine zote ilikuwa ile ya kampeni za redio na vikundi vya kusoma: Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Watu walikaa chini ya miti, wakasikiliza, wakasoma vijitabu, kisha wakainuka kuchimba vyoo, kusafisha visima na kupanda mazao. Nani angeweza kusema pale elimu inaishia wapi na mahitaji ya mwili yanaanzia wapi?

Ada ilifutwa tena, na mwaka 2002 ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM. Watoto walifurika. Ruzuku ikapangwa kuwa shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, na hata ilipotangazwa elimu bila malipo hadi kidato cha nne, kuanzia Januari 2016, kiwango kilikuwa kilekile. Fedha hiyo ni ya chaki, vitabu, ukarabati na karatasi za mitihani. Uji haumo. Sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa viliachwa mikononi mwa wazazi.

Sasa tuone "mikononi mwa wazazi" maana yake nini. Maana yake ni debe la mahindi kwa kila mtoto, pamoja na fedha ya mpishi, ya kuni na ya kusaga. Mwenye kuvuna hutoa. Mjane mwenye watoto wanne na nusu ekari hutoa kwa mmoja, au hatoi kabisa. Ikifika saa nne asubuhi kengele hulia, na wenye vikombe hupanga mstari. Wale ambao majina yao yamo katika orodha ya wasiochangia huambiwa wakae kando hadi wenzao wamalize. Haya tumeyasikia katika jumuiya ndogondogo zetu zaidi ya mara moja, na kutoka pande mbalimbali. Mtoto wa miaka saba anafundishwa pale, mbele ya macho ya rafiki zake, somo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba yeye ni wa daraja la pili. Kisha anarudi darasani kufundishwa kuhesabu.

Tutaambiwa kwamba wapo wazazi wavivu, na kwamba wengine fedha zao huishia kilabuni. Wapo, hatubishi. Lakini Nabii Ezekieli alikwisha kukataa kwamba mwana abebe kosa la baba yake, na sisi tunaosoma maandiko yake kanisani hatuwezi kulirudisha jambo hilo kwa mlango wa nyuma, kwa njia ya orodha ya uji. Aliyekataa kuchangia ashitakiwe kwa mtendaji wa kijiji. Mtoto anywe.

Kuna pia wanaotaja barua ya Papa Paulo VI ya mwaka 1967, Populorum Progressio, iliyoipa elimu ya msingi nafasi ya kwanza katika mipango ya maendeleo. Ni kweli, na tunaipokea. Lakini barua hiyohiyo inasema kwa kirefu juu ya watu wenye njaa na juu ya wajibu wa wenye mali. Miaka minne kabla yake Papa Yohane XXIII, katika Pacem in Terris, alikuwa amehesabu chakula, mavazi, makao na matibabu kuwa haki za kila mwanadamu, akataja na elimu. Asiyependa ukurasa mmoja asiuchane ili abaki na mwingine.

Tusije tukaeleweka kuwa tumejiunga na kundi la pili, la wale wasemao tumbo kwanza, shule itakuja. Hoja hiyo ndiyo inayompeleka binti wa miaka kumi na mitatu mjini kulea watoto wa watu wengine, ili kwao wapate unga. Kadhalika hoja hiyo huwapendeza sana wanasiasa wa aina fulani. Wengi wetu tunakumbuka "takrima", iliyohalalishwa katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000 hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006: chumvi, kanga na pilau kwa wapiga kura. Mwananchi asiyejua haki zake hupokea unga kama fadhila ya mheshimiwa. Elimu ndiyo inayomwezesha kujua kwamba unga ule ulikuwa kodi yake. Kwa hiyo anayempa maskini chakula na kumnyima shule anamfuga; na anayempa shule na kumnyima chakula anamdhihaki.

Serikali yenyewe, katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF tangu mwaka 2012, imekiri kwamba mambo haya mawili hayatengani, maana sehemu ya ruzuku ya kaya imefungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni. Tunaupongeza mpango huo. Lakini tunauliza: ikiwa kaya maskini inabanwa na masharti kuhusu shule, kwa nini shule isibanwe na sharti lolote kuhusu kaya maskini? Mama anatakiwa ampeleke mtoto. Ni nani anayetakiwa kumlisha mtoto huyo kuanzia saa moja asubuhi hadi saa nane na nusu mchana?

Mwinjili Marko anasimulia kwamba Bwana wetu, alipoliona lile kundi kubwa kama kondoo wasio na mchungaji, alianza kulifundisha mambo mengi. Shule ilitangulia, wasemao elimu kwanza wafurahi! Jua lilipoelekea kutua mitume walileta sera tunayoijua: watu waondoke, kila mmoja akajitafutie. Ndipo walipoagizwa wao wenyewe wawape chakula. Mafundisho na mkate vilitolewa siku moja, juu ya majani yaleyale, na hakuna aliyeulizwa amechangia nini.

Tunawaomba basi viongozi wa walei wa kila kigango walipeleke jambo hili kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa, na kwa diwani wao kabla bajeti ya halmashauri haijapitishwa. Kwanza, ni fedha kiasi gani kutoka mapato ya ndani zimetengwa kwa chakula cha wanafunzi? Jibu la "wazazi watachangia" lisikubaliwe kuwa jibu. Pili, shamba la shule, pale lilipo, linalimwa na nani, na mavuno yake huenda wapi? Tatu, nani aliyeamua kwamba orodha ya wadaiwa isomwe mbele ya watoto?

Na kabla ya kwenda huko, tuanze na shule za chekechea za parokia zetu. Tunazo nyingi, na katika baadhi yake orodha hiyo imebandikwa mlangoni. Ibanduliwe wiki hii, na deni la uji lijadiliwe na wazazi wenyewe, ofisini, watoto wakiwa wamekwisha kunywa.