Mzigo Unapimwa, Stori Hapana

Nianze na begi. Begi la mgongoni la mzungu anayejiandaa kupanda Mlima Elgon, ukilinyanyua kabla hajapunguza vitu, kiuno kinajua. Nimeyanyanyua mengi. Ninaishi Namatala, Divisheni ya Industrial, hapa Mbale, na siku nyingi kazi yangu ni kupakua magunia ya mahindi kwenye stoo. Lakini watalii wa mabegi wakifika, mwenye nyumba moja ya wageni ananiita, kwa sababu Kiingereza ninacho, Kiswahili ninacho, na Kigisu cha sokoni kinanitosha. Ninawapeleka kununua gambuti, turubai, mchele, viberiti. Wanakaa siku mbili tatu, wanapanda Wanale kujaribu miguu, halafu tunapakia taksi ya Budadiri. Kuanzia pale ni kazi ya askari wa mbuga na wapagazi wa kule, mpaka Wagagai, mita 4,321. Mimi narudi kwenye magunia yangu.

Kundi ninalotaka kulisema lilikuwa la vijana saba. Watu wazuri, niseme mapema ili nisieleweke vibaya. Walilipa bila kubishana, na mmoja aliosha sahani yake mwenyewe. Mwaka uliotangulia walikuwa Peru, kwenye milima ya Andes, wakanionyesha picha kwenye simu: kuta za mawe za Wainka, mawingu chini ya miguu yao, na wanaume wafupi wenye mizigo mikubwa wakiwapita kwenye ngazi kama vile hawakubeba kitu. Nikauliza, hawa wanabeba kilo ngapi? Kijana mmoja akajibu: ishirini, ni sheria.

Ni kweli. Peru ilitunga sheria ya wapagazi mwaka 2001. Kilimanjaro nako mzigo wa mteja ni kilo 20, na mizani iko getini. Ukizidi unapunguzwa, hakuna kubembelezana. Mtu wa magunia hawezi kusikia habari ya mizani bila kufurahi. Nilifurahi. Nilifikiri, kumbe mahali fulani duniani mtu alisimama akauliza mgongo wa mwenzake unavumilia kiasi gani.

Jioni ya mwisho tulikuwa tunakunywa chai. Kiongozi wao alikuwa ameshasikia kwa mwenye nyumba kwamba mimi ni mkimbizi. Akasogeza kiti. "Tuambie stori yako," akasema. "Ulivukaje?" Simu ikawekwa mezani, inarekodi.

Nikasema sawa, stori ninayo. Nikawapa ya usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ilipofurika hapa Mbale, Nabuyonga na Namatala, watu wakafa, nyumba zikajaa maji na matope. Nikawaambia jinsi jirani yangu, mama mmoja Mgisu, alivyonisukumia mtoto wake gizani nimweke begani, yeye akarudi ndani kumtoa mama mkwe. Godoro langu lilikwenda na maji. Jerikeni zilikwenda. Mtoto alinishika masikio kwa nguvu mpaka yakauma siku mbili. Hiyo ndiyo stori inayonijia mvua ikinyesha usiku, na ilitokea karibu sana na viti tulivyokalia.

Walisikiliza kwa adabu. Halafu kiongozi akasema taratibu, "Pole sana. Lakini ile ya vita?"

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Sasa wale kijana alishamaliza nao. Ninasema na ninyi wa mashirika mnaosoma jarida hili, na sisi wenyewe wa kambini.

Ile ya vita nimeisema mara ngapi? Niliisema Nyakabande mwaka 2012, tulipovuka baada ya Bunagana kutekwa na M23. Niliisema tena Rwamwanja. Niliisema kwenye mahojiano ya hadhi ya ukimbizi. Hizo sizilalamikii, afisa anayeamua kama utakaa au hutakaa lazima aulize, na mimi ningekuwa yeye ningeuliza. Lakini baada ya hapo wakaja wengine. Mwenye kamera. Mwanafunzi wa utafiti. Mgeni wa mgeni. Hata mradi wa sabuni! Dada yangu alihojiwa siku ile kabla ya kupewa sabuni: ilikuwaje siku mliyokimbia, mama? Siku hiyo ndiyo alipoteza mtoto. Akasema yote, mwanzo mpaka mwisho, akapokea mche wake, akarudi nyumbani. Ule mche ulikaa juu ya sanduku mwezi mzima. Hakuugusa, alikuwa anafua kwa majivu.

Sabuni ilihitaji habari ya mtoto kwa nini? Najua mtaniambia: mfadhili anataka kuona sura ya mtu, bila stori fedha hazitoki. Labda. Mimi si mtu wa fedha za mfadhili. Lakini mfadhili akitaka ripoti ya mahindi, mnapima mahindi. Akitaka ripoti ya maji, mnahesabu mabomba. Ya machozi mnapimia nini, na nani alikubali kiwango?

Angalieni upande wa pili wa mlima huu huu. Tarehe 1 Machi 2010, kule Nametsi, wilaya ya Bududa, mlima uliporomoka ukafunika kijiji. Waliopona, wengine walihamishiwa Kiryandongo, wakapewa ardhi jirani na wakimbizi. Rafiki yangu mmoja, mpagazi, alizika mjomba wake mwaka ule. Yaani walizika walichopata. Nimemwona mara nyingi na watalii. Wanamuuliza saa ngapi mpaka kambi ya kwanza, maji yako wapi, mvua itanyesha? Hakuna anayeweka simu mezani amuulize ardhi ilisikikaje ilipokatika. Mimi mwenyewe alinisimulia mwaka wa tatu wa urafiki wetu, tukiwa tumekaa tu. Hicho ndicho ninachokitaka, na si kitu kikubwa. Mwenyeji ana siri zake na hakuna anayeshangaa. Mkimbizi akiwa na siri, wanaandika kwamba hashirikiani.

Na sisi tusijisafishe. Tumeshajua ni kipande gani kinamfanya mgeni avue miwani. Tunakiweka mbele. Nimeona mtu akiazima ya jirani kwa sababu yake ilikuwa kavu: alitembea, alichoka, alifika. Simlaumu, foleni ni ndefu na posho imepungua. Lakini tukishazoea hivyo, yule mzee anayenyamaza, ambaye pengine aliona zaidi yetu sote, anabaki nyuma ya mstari. Hana la kuonyesha.

Hata jarida hili, mhariri anisamehe, liliniomba niandike "kuhusu safari yangu". Nimeandika kuhusu safari ya watu saba wa Peru. Zamu yao.

Ninyi mnaouliza, ulizeni kwanza mtu anataka kusimulia nini, kabla hamjachagua kwa niaba yake. Semeni inakwenda wapi na nani ataisoma. Msiulize mkiwa mmeshika sabuni au mchele mkononi, kwa sababu hapo hapana haiwezi kutoka mdomoni. Na kama mtu atakaa na ninyi saa mbili, mlipeni saa mbili, kama mnavyomlipa mpagazi. Akibadili mawazo kesho yake, futeni. Ni kazi zaidi, ndiyo. Mizani nayo ilikuwa kazi zaidi.

Usiku ule nilimwambia kiongozi: ile ya vita sibebi leo. Kimya. Mtu akakohoa. Msichana mmoja akanyoosha mkono akazima simu, nikanywa chai yangu ikiwa imepoa.

Asubuhi kiongozi alinilipa tuliyopatana, shilingi kwa shilingi, bila bakshishi. Ni haki yake. Tulikuwa tunafunga mabegi juu ya taksi, yule msichana ananipitishia kamba kutoka chini, akauliza, "Yule mtoto wa jirani yako, wa mafuriko, yuko wapi sasa?"

Nikamwambia yuko shule, yuko P.2, ananiita anko, na mvua ikianza kupiga mabati anakuja kulala kwangu. Akacheka, akauliza jina lake. Nikamwambia. Kondakta akapiga kelele za Budadiri, Budadiri, nikakaza fundo la mwisho nikashuka.