Tahadhari kwa Wapangaji wa Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar: Msitengeneze kwa Ahadi ya Mdomo

Masika yako njiani. Ndio msimu ambao mwenye nyumba humwambia mpangaji wa mwezi kwa mwezi: “Wewe tengeneza paa, tutakatana kwenye kodi.” Ukiambiwa hivyo, usinunue hata bati moja kabla hamjaandikiana.

Mpangaji wa namna hii hana muda uliofungwa. Tuseme kodi ni laki mbili na paa limekula milioni mbili: unahitaji miezi kumi kuzirudisha. Nani amekuahidi miezi kumi? Nyumba ikishakauka na kupakwa chokaa inafaa kuwekwa wageni, na mgeni wa usiku mmoja hulipa kwa dola. Hapo ndipo utakaposikia mtoto wa mwenye nyumba anarudi kutoka Maskati na anataka pa kukaa.

Huyo anayekuahidi naye ni nani? Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zina warithi chungu nzima, nyingine ni za wakfu, nyingine za Serikali tangu zilipotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Neno la ndugu mmoja haliwafungi wenzake, seuze la dalali.

Halafu kuna jengo lenyewe. Kuta ni za mawe na chokaa, dari ni boriti za mikoko. Fundi akipiga plasta ya saruji, unyevu hufungiwa ndani na boriti huoza bila ya wewe kuona. Kazi ya ujenzi humu inataka kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Ikisimamishwa, zinazolala ni fedha zako. Ufa mkubwa usiuzibe, karipoti kwa Mamlaka hiyo. Jumba la Beit al-Ajaib, humu humu Mji Mkongwe, liliporomoka Disemba 2020 likiwa kwenye matengenezo, na watu wawili wakafa.

Karatasi moja inatosha: gharama mliyokubaliana, kiasi cha kukatwa kila mwezi, na kwamba ukitolewa mapema utalipwa kilichobaki kabla ya kukabidhi ufunguo. Watie saini warithi wote au mwakilishi wao mwenye hati, mbele ya mashahidi wawili, na nakala umpe sheha. Kodi dai risiti, hata kama mwenye nyumba ni ami yako.

Aliyekwishatengeneza kwa mdomo akusanye leo risiti za vifaa na za fundi, aende Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kabla hajaambiwa ahame.

Mwenye nyumba akikataa kutia saini, nunua turubai na ndoo. Maji yakinge, paa mwachie mwenyewe.