Moyo Hautibiwi kwa Kubahatisha



Mwaka jana tulimzika mwenzetu mmoja wa karakana. Alikuwa mgonjwa wa mishipa ya moyo, na daktari alimpa vidonge vya kumeza kila siku. Kisha akauziwa chupa ya miti shamba kwa shilingi elfu tatu, na muuzaji akamwambia kuwa vidonge ni sumu. Akaviacha. Mimi si daktari, siwezi kusema ni chupa iliyomwua. Lakini vidonge vyake vilikutwa kabatini, pakiti hazijafunguliwa.

Tuelewe ugonjwa wenyewe. Moyo ni pampu, na pampu hii ina mishipa yake midogo ya kujilisha damu. Mafuta yakijijenga ndani ya mishipa hiyo, njia huwa nyembamba. Siku damu ikiganda hapo, njia hufungwa kabisa, na nyama ya moyo huanza kufa. Sigara, presha, ugonjwa wa sukari na mafuta mengi katika damu huleta mambo hayo upesi.

Sisemi haya kwa kuwadharau wazee wetu. Dawa ya moyo iitwayo dijoksini ilitoka katika jamii ya mmea ambao daktari wa Uingereza, William Withering, aliuandikia kitabu mwaka 1785, baada ya kuletewa habari za dawa ya siri ya bibi kizee mmoja. Lakini Withering hakuuza chupa tu. Aliwapa wagonjwa, akaandika waliopona na waliokufa, akatafuta kipimo, maana mmea ule ukizidi kidogo huua. Basi dawa itoke mtini au kiwandani, tuulize neno moja: imepimwa?

Hata vitamini za dukani zimepimwa. Mwaka 2002 madaktari wa Uingereza walitoa matokeo ya watu 20,536 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa huu. Nusu yao walipewa vitamini E, vitamini C na beta-karotini kila siku kwa miaka mitano. Nusu wakapewa vidonge visivyo na kitu. Vitamini hazikupunguza vifo wala shambulio la moyo. Katika jaribio lilo hilo, kidonge cha simvastatini kilipunguza shambulio la moyo na kiharusi kwa karibu robo. Na asili ya kidonge hicho ni ukungu, si jambo la kizungu tu!

Tena kuchanganya kuna hatari. Kitunguu saumu katika mboga ni chakula chema, lakini vidonge vyake vikali pamoja na dawa ya kuzuia damu isigande vyaweza kumtoa mtu damu. Maji ya balungi pamoja na simvastatini huzidisha dawa hiyo mwilini na kuumiza misuli.

Lakini kwa nini watu wetu humwendea muuzaji? Kwa sababu yeye yuko langoni saa ya kutoka kazini, naye husikiliza. Ukienda kliniki, foleni ni ya siku nzima, mshahara unakatwa, na mwisho unaambiwa dawa imekwisha. Hapo ndipo chama kina kazi. Tumdai tajiri mambo mawili: presha ipimwe kazini, ndani ya saa za kazi, na siku ya kliniki isikatwe mshahara. Dereva haondoi treni stesheni bila kutazama geji ya breki. Mbona mtu mwenyewe aachwe miaka kumi bila kupimwa?

Na sisi wenyewe, ndugu, tusiache vidonge bila kumwuliza daktari. Ukinywa miti shamba, usifiche. Ichukue chupa umwonyeshe. Na mtu akishikwa na maumivu mazito kifuani, yakienda mkononi au tayani, huku akitokwa na jasho na pumzi ikipungua, apelekwe hospitali saa ile ile. Asikae kuchemshiwa majani.

Mjane wa mwenzetu ana watoto wanne. Hao ndio wanaolipa bei ya chupa ile.

Mimi mwenzenu,
Mfanya kazi wa Reli